Ujira wa kwenda dukani: Je, unaiweza kazi ya mnunuzi wa siri?

HEBU fikiria, msomaji, kwamba umeingia katika benki moja mjini Garissa mwendo wa saa tano asubuhi. Nje jua limeshaanza kuchoma. Ndani foleni ni ndefu. Unatazama saa yako, unasimama nyuma ya watu tisa, unasubiri. Zamu yako inapofika unamwuliza karani jinsi ya kufungua akaunti ya akiba. Anakujibu bila kukutazama, anakusukumia fomu, na kumwita anayefuata. Unamshukuru na kuondoka.

Ungekuwa mteja wa kawaida ungekwenda zako ukinung'unika. Lakini wewe unavuka barabara, unaketi mkahawani, unaagiza chai ya maziwa, na kabla haijapoa unaandika: nilisubiri dakika 17, karani hakunisalimu, hakunieleza ada ya akaunti hadi nilipouliza. Jioni unaituma ripoti hiyo Nairobi. Wiki chache baadaye pesa zinaingia katika simu yako.

Hiyo ndiyo kazi ya mnunuzi wa siri. Wengi wameisikia kwa mbali, na wengi zaidi wametapeliwa kwa jina lake. Leo tuiangalie kwa makini: ni kazi gani, inapatikana wapi, inalipa nini, na inamdai nini yule anayeifanya. Tutaitazama tukiwa Garissa na kaskazini mashariki mwa Kenya, kwa sababu katika mji ambao kila muuzaji ni jirani au jamaa ya mtu fulani, uzito wa kazi hii huonekana wazi kuliko Nairobi.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Mnunuzi wa siri ni mtu anayetumwa na mwenye biashara, aghalabu kupitia kampuni ya utafiti wa soko, aende katika tawi la biashara hiyo kama mteja yeyote yule. Hujipanga foleni, huuliza maswali aliyoelekezwa, pengine hununua kitu kidogo, kisha hujaza fomu ya yale aliyoyaona na kuyasikia.

Jina hilo lilianza Marekani katika miaka ya 1940. Wakati huo kampuni iliyoitwa WilMark iliwatuma watu madukani na katika mabenki kuchunguza kama wafanyakazi walikuwa waaminifu kwa pesa za mwajiri. Baadaye shabaha ilipanuka. Leo wateja wakubwa wa huduma hii ni mabenki, kampuni za simu, vituo vya mafuta, hoteli na maduka makubwa, na swali lao kubwa ni moja: je, yale tuliyowafunza wafanyakazi wetu semina, wanayatenda tukiwapa kisogo?

Usidhani ni mchezo wa wafanyabiashara tu. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la BMJ Global Health lilichapisha utafiti uliofanywa Nairobi, ambapo watu wa kawaida walifunzwa kujifanya wagonjwa. Mmoja alieleza dalili za kifua kikuu, mwingine za pumu, mwingine maumivu ya moyo, na mwingine alikuja kueleza habari za mtoto anayeharisha aliyebaki nyumbani. Waliingia katika vituo vya afya na kutoka wakiwa na kumbukumbu ya yale waliyoulizwa, waliyopimwa na dawa walizopewa. Daktari anayejua kwamba anatazamwa huwa daktari mwingine kabisa. Asiyejua ndiye yule ambaye wewe na mimi tutamkuta tukiugua.

NAFASI ZIKO WAPI GARISSA?

Tuseme ukweli tangu mwanzo. Hutaikuta ofisi mjini Garissa yenye bango la kuajiri wanunuzi wa siri. Kampuni za utafiti wa soko zina makao yao Nairobi, na kazi hutolewa kwa vipande: leo tawi moja, mwezi ujao mawili, kisha kimya cha miezi mitatu.

Hata hivyo, fikiria hali ilivyo. Benki yenye tawi Garissa, Wajir au Mandera inahitaji ripoti ya tawi hilo kama inavyohitaji ya tawi la Kisumu. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni takriban kilomita 370 kwa njia ya Thika na Mwingi. Kumtuma mtu kutoka Nairobi, kumlipia nauli na malazi, kisha afike na kujulikana mara moja kuwa ni mgeni, ni hasara juu ya hasara. Anayefaa ni mwenyeji: mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa, mwalimu aliye likizoni, mama anayejua kusoma na kuandika vyema na ambaye hakuna atakayeshangaa kumwona sokoni. Kama unasema Kisomali na Kiswahili na unaweza kuandika ripoti kwa Kiingereza, una mtaji ambao kijana wa Nairobi hana.

Kuna kazi mbili za jamaa moja na hii ambazo hazina siri ndani yake, na huenda zikakufaa zaidi.

Ya kwanza ni kukusanya bei. Kila mwezi Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, hutangaza kiwango cha mfumko wa bei. Nambari hiyo haishuki kutoka mbinguni. Hutokana na watu wanaopita madukani na sokoni katika wiki ya pili na ya tatu ya mwezi, wakiuliza bei ya unga, sukari, mafuta ya taa na bidhaa nyingine nyingi. Hawa hujitambulisha.

Ya pili ni ya wafuatiliaji wa Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA. Katika kaunti kame mamlaka hiyo hutumia wenyeji wanaozuru nyumba na masoko yaleyale mwezi baada ya mwezi. Huuliza maziwa yaliyokamuliwa, umbali wa maji, na bei. Mojawapo ya hesabu zao ni hii: mfugaji akiuza mbuzi mmoja, atapata kilo ngapi za mahindi? Kilo zikianza kupungua mwezi hadi mwezi, hiyo ni kengele. Kati ya mwishoni mwa mwaka 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na kengele hiyo ililia kwa sababu kulikuwa na mtu aliyesimama sokoni akaandika.

BEI ILIYO CHINI YA SHUKA

Usifikiri kuandika bei ni kazi ya mtoto. Chukua soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya masoko makubwa ya ng'ombe katika Afrika Mashariki. Wanyama huletwa kutoka Wajir, Mandera na hata ng'ambo ya mpaka wa Somalia, kisha hupakiwa malori kwenda Nairobi na pwani. Hapo katikati anasimama dalali, ambaye Wasomali humwita dillaal. Utaona kwamba ni neno lilelile.

Katika masoko ya mifugo ya Wasomali ni desturi ya zamani kupatana bila kutamka. Dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka au kitambaa, na vidole ndivyo vinavyotaja bei. Kila kidole kina thamani yake. Waliosimama pembeni huona kitambaa kikitikisika tu. Sasa wewe uliyetumwa kuandika bei ya fahali wa miaka minne utaandika nini?

Ukiandika bei ambayo mwenye mnyama aliitaja kwa sauti, umeandika ndoto yake. Ukiandika anayotaka mnunuzi, umeandika ujanja wake. Bei ya kweli ni ile ambayo mnyama amebadilisha mwenyewe, na huipati ila umezoeana na madalali kiasi cha kuambiwa baadaye, na umewauliza zaidi ya mmoja. Tena sharti ulinganishe mbuzi na mbuzi: mwenye umri na afya ileile kila mwezi, si leo beberu aliyenona na kesho mwana aliyekonda.

Dukani nako kuna mitego yake. Sukari ya kilo nzima ina bei yake, na sukari iliyofungwa vipakiti vya shilingi kumi ina bei nyingine ukiipigia hesabu kwa kilo. Mahindi huuzwa kwa gorogoro, na gorogoro lililobonyea chini si sawa na lililo zima. Maziwa ya ngamia yaliyo kwenye dumu huuzwa kwa lita au kwa kikombe, na kikombe cha mama huyu si kikombe cha yule. Mkusanyaji mzuri huuliza bei, kisha huuliza kipimo.

Unaona basi kwa nini kazi hii ina maana kwa mtu maskini. Mwaka 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilileta katika kambi za wakimbizi za Dadaab mpango wa Bamba Chakula, ambapo familia zilipokea sehemu ya mgao kama pesa za kwenye simu, za kununulia chakula kwa wafanyabiashara waliosajiliwa. Kiasi kilikuwa kimepangwa. Mwenye duka akipandisha bei ya unga, au akipunja mizani, sufuria ya mtu ndiyo inayopungua. Mpango kama huo hauwezi kusimama bila macho ya mtu wa kupita dukani na kuandika alichokiona.

IKIWA DUKA NI LA ADEER

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Garissa si Nairobi. Ukipewa orodha ya mawakala kumi wa huduma za pesa uwazuru, huenda mmoja ni adeer wako, yaani ndugu ya baba. Mwingine mlisoma naye dugsi. Wa tatu ndiye anayemkopesha mama yako sukari hadi mwisho wa mwezi. Utaandika kwamba alikutoza ada isiyo halali?

Mzee mmoja barazani anaweza kukuuliza swali gumu zaidi: kijana, huu si upelelezi? Katika mji wa Waislamu swali hilo lina mizizi. Kurani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wanaopunja vipimo. Lakini Kurani hiyohiyo, katika sura ya 49, inakataza kuwapeleleza watu.

Mimi si shehe, na hukumu ya dini mwulize mwenye elimu hiyo. Lakini kanuni za kazi yenyewe zinasaidia kuonyesha mpaka. Kwanza, anayekutuma ni mwenye biashara, nawe unakagua huduma aliyoahidi kwa wateja wake. Pili, kanuni za kimataifa za utafiti wa soko zinataka wafanyakazi wawe wameambiwa kabla kwamba ukaguzi wa namna hii hufanyika, ijapokuwa hawaambiwi siku wala sura ya mkaguzi. Tatu, unaandika kazi ya mtu. Mambo yake ya nyumbani, ukoo wake, anayoyasema akizungumza na rafiki yake, hayakuhusu hata kidogo.

Kuhusu adeer jibu ni rahisi kulitamka na gumu kulitenda: waambie waliokutuma kwamba huyo ni jamaa yako, na duka hilo apewe mtu mwingine. Ukimficha kosa lake umeuza ripoti ya uongo. Ukimwandika, umeingia katika ugomvi wa familia kwa ujira wa siku moja. Kampuni yenye heshima itakushukuru kwa kusema mapema.

Na yule asiye jamaa yako? Kumbuka kwamba upande wa pili wa kaunta kuna kijana kama wewe, anayelipia wadogo zake karo. Ripoti yako yaweza kumwondoa kazini. Kwa hiyo usiandike "ana kiburi". Andika: "Nilimsalimu, hakujibu, nilimwuliza mara mbili." Usiandike "foleni ilikuwa ndefu mno". Andika dakika. Kama alikuwa peke yake na wateja 14 mbele yake, hilo nalo ni la kweli na lazima liingie katika ripoti. Mara nyingi kosa linaloonekana kuwa la karani huwa la mkubwa aliyemwacha peke yake. Ripoti ya haki humwokoa mfanyakazi mwema kama inavyomfichua mbaya.

TAMAA MBELE, MAUTI NYUMA

Jina la mnunuzi wa siri limekuwa chambo kizuri cha matapeli. Marekani, tume ya serikali inayolinda wateja, FTC, imeonya mara kwa mara juu ya hila moja. Mtu hupokea hundi nono, huambiwa aiweke benki, abakize ujira wake na atume zilizobaki ili "kukagua" huduma ya kutuma pesa. Anatuma. Baada ya siku kadhaa benki inagundua kwamba hundi ni bandia, na yule "mkaguzi" ndiye anayedaiwa.

Afrika Mashariki hundi si nyingi, kwa hiyo hila hubadilisha nguo. Unaombwa ada ya usajili, au ya mafunzo, au ya kitambulisho cha kazi. Unaingizwa katika kundi la simu ambapo kila mtu anasifu jinsi alivyolipwa. Unapewa kazi ndogo ndogo na kulipwa kweli shilingi mia moja au mbili, hadi unapoambiwa uweke elfu tano ili ufungue kazi za "daraja la juu". Hapo ndipo mlango unapofungwa.

Kanuni ni moja tu, na waisome hata watoto: mwajiri hulipa, halipwi. Anayetaka pesa zako ili akupe kazi, hana kazi. Kadhalika hakuna kampuni ya kweli itakayokuuliza nambari yako ya siri ya M-Pesa.

PIGA HESABU KABLA HUJAONDOKA

Hata kazi ya halali yaweza kukutia hasara usipokuwa na daftari. Tuchukue mfano wa kubuni. Umeahidiwa shilingi 600 kukagua mkahawa mmoja. Bodaboda ya kwenda na kurudi ni shilingi 200. Data za kutuma picha ya risiti ni shilingi 50. Zimebaki 350. Umetumia saa moja njiani, saa moja mezani na saa moja kujaza fomu. Hizo ni saa tatu.

Chakula cha shilingi 400 ulikilipa wewe kwanza, na utarudishiwa ukileta risiti. Risiti ikipotea, au ikiwa haina tarehe, umepata hasara ya shilingi 50 na jua juu yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila senti, na kabla ya kukubali kazi uliza mambo matatu: nalipwa kiasi gani, nalipwa lini, na ni gharama gani nitakayorudishiwa.

Kwa hiyo usiache shule wala duka lako kwa ajili ya kazi hii. Ni pesa za vitabu, za nauli ya likizo, za kumsaidia mama kununua gesi. Si mshahara.

UKITAKA KUANZA

Kama bado unaitaka, fuata hatua hizi:

1. Tafuta mwenyewe kampuni za utafiti wa soko zinazojulikana nchini na ujiandikishe kwao moja kwa moja. Usipitie mtu uliyekutana naye kwenye simu. Taja mji unaoishi na lugha unazozisema.

2. Omba barua ya utambulisho yenye jina la kampuni na nambari ya afisa anayeweza kupigiwa. Iweke mfukoni pamoja na kitambulisho chako. Katika mji ambao usalama huangaliwa sana, mtu anayezunguka akiuliza maswali na kuandika huweza kutiliwa shaka.

3. Usipige picha za watu, daraja, ofisi za serikali wala vituo vya polisi. Tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, na uso wa mtu ni data yake. Kama fomu inataka picha, iwe ya risiti au ya bei iliyobandikwa.

4. Zoeza kumbukumbu. Ingia duka lolote leo, toka, kisha andika: wahudumu walikuwa wangapi, wa kwanza alisema nini, bei tatu ulizoziona. Rudi uthibitishe. Ukikosa nusu, endelea kujizoeza.

5. Jaza ripoti siku ileile. Jambo la jana lina rangi ya leo.

6. Ukikuta duka limefungwa, andika limefungwa. Usikae nyumbani ukabuni ziara. Kampuni hulinganisha saa ya risiti na ya simu, na njia ya mwongo ni fupi.

Msomaji, mjini Garissa kuna soko liitwalo Suuq Mugdi. Kwa Kisomali maana yake ni soko la giza. Lakini mama anayenunua pale anajua ni nani hupima sawasawa na ni nani hubonyeza mizani kwa kidole. Amekuwa mkaguzi miaka yote bila kulipwa na bila kuandika. Kazi ya mnunuzi wa siri ni kuyachukua macho hayo ya mama na kuyatia kwenye karatasi. Ukiona kwamba unaweza kuandika kweli hata pale uongo ungekufaa zaidi, jaribu. La sivyo, nenda dukani ukanunue sukari yako, urudi nyumbani kwa amani.